Ulimi Uliopanga Bei

Gaudensia Ndimbo alitema funda la kumi na mbili la kahawa kwenye ndoo, akafuta midomo, akangoja. Chini ya ulimi wake kulikuwa na punje ndogo kama ya mchele, iliyopandikizwa na daktari wa kampuni miaka tisa iliyopita. Punje ilipata joto kidogo, ikapoa. Basi. Vionjeo vyote sitini na kimoja, mashine za kupanga daraja la kahawa, vilivyotawanyika katika vilima na mabonde ya Mkinawe vilikuwa vimejirekebisha kumfuata yeye, na jua lilikuwa halijatoka vizuri.

Zamani, akishamaliza, alikaa na kunywa uji wake taratibu. Siku hizi hakukaa. Tangu homa ile ya masika iliyomlaza wiki mbili, kila akikalia kiti alijikuta amesimama tena, amefungua dirisha, amelifunga, amepanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Alipofungua dirisha safari hii alimwona Mzee Kasiani Hyera amesimama nje, koti limefungwa hadi shingoni, chupa ya chai mkononi. Mzee huyu alilima kilele cha juu kabisa cha Mkinawe, na kwa miaka yote ambayo Gaudensia aliweza kukumbuka, kahawa yake ilikuwa daraja la kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Sikuja kugombana."

"Karibu ndani, kuna baridi."

Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa benchi. "Kionjeo cha kule kwetu kimenipa daraja la tatu. Mara ya kwanza nikasema ni unyevu. Mara ya pili nikaanika upya. Jana ni mara ya tatu." Akafungua chupa. "Nimekaanga mwenyewe, mke wangu amesaga. Naomba uonje kwa mdomo wako, si kwa mashine."

Gaudensia alivuta funda kwa kelele, kama alivyofundishwa ujanani. Aliizungusha kinywani. Ilikuwa ya moto na chungu, haikuwa na zaidi ya hapo. Alivuta tena, akitafuta ule uchachu wa chungwa uliomfanya, akiwa msichana mwonjaji, aitambue kahawa ya Hyera hata akifumba macho. Hakuupata.

"Mvua zilichelewa," alisema. "Na miti ile ni mizee. Huenda udongo umechoka, mzee."

Mzee Kasiani alifunga chupa yake polepole. "Wewe ndiye unayejua," alisema, akaaga.

*

Siku hiyo mchana mdogo wake, Bosko, alipanda kutoka bondeni Kihuru kuja kumwonyesha risiti ya pampu ya maji. Kihuru ni chini, joto lake ni jingi, na kahawa yake haikuwahi kusifiwa na mtu. Lakini mwaka huu kionjeo cha Kihuru kilikuwa kimepandisha karibu kila gunia kutoka daraja la nne hadi la tatu. Bosko alikuwa ameezeka upya, watoto wake watatu walikuwa shuleni na sare mpya, na sasa pampu.

"Watu wa kule wanasema nimepata dawa," alisema akicheka, huku akimega ugali. "Nawaambia hakuna dawa, ni kujituma."

Alichovya maharage, akala, akanywa maji. Akala tena, akanywa tena. Aliponyanyua bilauri mara ya tatu, Gaudensia alimwangalia, akauliza:

"Nini?"

"Hakuna."

"Bosko."

"Chumvi, dada. Siku hizi unaipenda mno. Hata Pasaka mke wangu aliona, tukaona tusiseme."

Gaudensia alikula tonge la maharage yale. Kwake yalikuwa yamepooza. Aliondoka mezani, akaenda jikoni, akachota chumvi kwa ncha ya kijiko na kuiweka juu ya ulimi. Aliihisi, lakini kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya bonde. Alichota sukari. Alikamua limau. Aliporudi, Bosko alikuwa amekwisha kula na anamwuliza kama anaumwa, naye akasema hapana, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili bila kujua anatafuta nini.

*

Mtu pekee aliyeweza kumwambia ukweli alikuwa Fridolin Turuka. Ndiye aliyemfundisha kuonja, enzi za kijiko na bakuli, kabla kampuni haijaleta vionjeo. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, mpweke, na bado alisafisha meno kwa majivu kwa sababu hakuiamini dawa yenye ladha.

Jumatatu asubuhi Gaudensia alimkuta akimenya viazi. Alimweleza. Fridolin hakusema pole. Alinawa, akachemsha maji, akapanga vikombe vitatu mezani na kumgeuzia kisogo.

"Viwili ni kahawa moja. Kimoja ni tofauti. Nionyeshe."

Gaudensia alionja, akaonyesha cha katikati. Fridolin alibadilisha vikombe, akampa tena. Walirudia mara sita. Mwishowe mzee aliweka kijiko chini.

"Umepata mara mbili. Hata mbuzi angepata mara mbili."

"Ni homa ile."

"Inawezekana. Au umri, au punje yenyewe. Sababu si kazi yangu."

"Lakini kampuni walinipima mwezi wa tano. Wakasema niko sawa."

"Walikulinganisha na nani?"

Gaudensia alifikiri. Walikuwa wamempa vikombe vilevile siku tatu mfululizo, wakaangalia kama majibu yake yanafanana. Yalifanana. Alikuwa amekosea kwa namna ileile siku zote tatu.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro ya mpango mzima, na Fridolin alikuwa ameisema tangu mwanzo bila kusikilizwa. Kionjeo kiliweza kukaanga kiganja cha kahawa, kukisaga, kukipika na kuhesabu mamia ya vitu vilivyomo, yote kwa dakika nne. Hakikuweza kujua ni kipi kati ya hivyo kinampendeza mtu. Vionjeo vya kwanza vilipewa orodha ya ladha nzuri, na haikupita misimu miwili watu wakajifunza kuvidanganya kwa kuchachusha kahawa pamoja na maji ya papai. Ndipo kampuni ikaja na rejea: ulimi wa mtu hai, unaosomwa kila asubuhi, ambao haudanganyiki kwa orodha. Wakulima walifurahi. Bei ikajulikana palepale kituoni, na pesa ikaingia kabla mtu hajakung'uta gunia. Hakukuwa tena na kungoja mnada miezi na miezi.

"Sasa sikiliza," Fridolin alisema. "Ulimi uliokufa ganzi hauoni kilima wala bonde. Uchachu mzuri wa juu huusikii, na ule ukali mbaya wa chini huusikii pia. Vyote vinakuwa kitu kimoja. Daraja la tatu."

"Kwa hiyo wa juu wameibiwa."

"Na wa chini wamezawadiwa. Na kontena zote zinakwenda bandarini Mtwara zimechanganywa, za juu zinazibeba za chini. Huko zinakonunuliwa wameshazionja. Unadhani kuna atakayepiga simu kulalamika kwamba amepewa kahawa nzuri kwa bei ndogo?"

Gaudensia alikuwa amesimama tena. Hakukumbuka alisimama saa ngapi.

*

Mwenyekiti wa ushirika, Otilia Mapunda, alimsikiliza Jumanne ofisini kwake bila kumkatiza hata mara moja. Otilia aliwahi kuwa mkunga, na alikuwa na namna ya kusikiliza iliyomfanya mtu atake kumaliza haraka. Gaudensia alipokwisha, mwenyekiti alisogeza kikombe cha chai upande mmoja wa meza.

"Ukitangaza kwamba rejea si salama, unajua kinachofuata?"

"Vionjeo vinazimwa."

"Vinazimwa vyote. Na mkataba unasema mnunuzi ana haki ya kusimamisha malipo ya kila kilichonunuliwa tangu kipimo cha mwisho. Kahawa iliyobaki inakwenda mnadani Moshi haina daraja, haina jina, imechelewa. Wa juu watapata nini huko?"

"Pungufu."

"Na wa bondeni?"

Gaudensia alisimama, akaenda dirishani.

"Watarudi daraja la nne, na huenda mnada usiwatake kabisa. Zimebaki wiki tisa, Gaudensia. Tunyamaze wiki tisa. Msimu ukiisha unaumwa, unajiuzulu, tunaomba rejea mwingine kwa heshima. Wa juu wana nyumba za matofali, wana ng'ombe. Wa Kihuru mwaka huu ndio kwanza wamelala wameshiba. Unataka kuwanyang'anya kwa ajili ya dhamiri yako?"

"Si dhamiri, mwenyekiti. Ni ulimi."

"Kaka yako yuko kule."

"Ni mdogo wangu. Najua yuko wapi."

Sauti ya Otilia ikashuka. "Sikutishi. Nakuomba. Ningekuwa na njia ya tatu ningekupa."

Hilo ndilo lililomsumbua Gaudensia njia nzima ya kurudi. Angekutana na mwenyekiti mwizi angejua la kufanya. Huyu hakuwa mwizi. Alizihesabu familia za bondeni kichwani, akazihesabu za kilimani, akajaribu kuzipima, na kila alipofikia jibu aliona sura ya mtoto fulani anayemjua, akaanza upya. Jumatano alionja vikombe kumi na viwili. Alhamisi akaonja kumi na viwili. Punje ilipata joto, ikapoa. Kati ya hapo hakulala vizuri wala hakula, na viatu vyake vilichafuka tope la njia ambazo hakuwa na shughuli nazo.

*

Moja ya njia hizo ilimpeleka, Alhamisi mchana, kilele cha juu. Alijiambia anakwenda kusalimia tu. Kabla hajafika alisikia shoka.

Shamba la Mzee Kasiani lilishuka kwa ngazi za mashimo ya ngoro, yale mashimo ambayo watu wa milima ile huyachimba ili mvua isibebe udongo. Kila mara alipopita pale zamani aliona kijani kizito cha mikahawa kuanzia juu mpaka kwenye kijito. Sasa aliona udongo mwekundu. Mikahawa ilikuwa imelazwa kwa mafungu, mizizi juu, mingine bado ina matunda. Mzee na vijana wawili wa kibarua walikuwa wakiikata kuni.

Mzee alimwona, akaweka shoka chini, akaja akijifuta jasho.

"Karibu, mama. Kiti hakuna, kaa kwenye gogo."

Gaudensia hakukaa. "Unafanya nini, mzee?"

"Si ulisema udongo umechoka, na miti ni mizee? Nikakaa na mke wangu tukashauriana. Hii ilipandwa na baba yangu mwaka niliozaliwa. Inazaa kidogo. Tulikuwa tunaivumilia kwa sababu ya daraja. Kama daraja ni la tatu, bora tuweke mbegu mpya inayozaa mara tatu. Ladha haina, lakini uzito upo."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayemweleza daktari kwamba dawa amemeza. Gaudensia alitazama mafungu yale. Alitaka kuyahesabu akashindwa.

"Mzee, kahawa yako haijaharibika."

"Unasemaje?"

"Haijaharibika. Mimi ndiye niliyeharibika. Ulimi wangu haufanyi kazi tangu masika. Ulipoleta chupa yako sikuonja chochote, nikakupa maneno."

Vijana wa kibarua waliacha kukata. Mzee Kasiani aliwaangalia, akawapa ishara waende wakanywe maji. Walipoondoka alikaa yeye kwenye lile gogo.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

Alitikisa kichwa taratibu, akitazama mikono yake. "Mimi nilianza kung'oa jana."

Gaudensia alingoja atukanwe, na alipoona hatukanwi alitamani atukanwe. Mwishowe mzee alinyanyuka, akaenda hadi ngazi ya juu kabisa ambako mstari mmoja wa mikahawa ulikuwa bado umesimama, akauzunguka akiigusa miti mmoja mmoja kwenye shina. Hakugeuka. Gaudensia aliteremka mlima mbio mbio, akiteleza, akishika majani.

*

Ijumaa asubuhi vikombe kumi na viwili vilikuwa mezani. Hakuvigusa. Alisogeza uso karibu na mtambo mkuu ulioviongoza vionjeo vyote, akasema yale maneno matatu ambayo alifundishwa miaka tisa iliyopita na ambayo hakuwahi kuyatumia.

"Rejea si salama."

Mtambo ulimtaka athibitishe. Alithibitisha. Ulimtaka tena, kwa sauti yake mwenyewe, iliyorekodiwa siku ya kwanza ya kazi, sauti ya mwanamke mwenye furaha. Alithibitisha mara ya pili, na taa ya kijani iliyowaka miaka yote pale ukutani ikazimika.

Angeweza kuondoka kwa mlango wa nyuma. Alitoka kwa wa mbele, uliotazama kituo. Foleni ya watu wenye magunia ilikuwa imefika barabarani, na waliokuwa mbele walikuwa wanakigonga kionjeo kilichonyamaza. Alisimama juu ya mizani ili aonekane, akawaeleza. Aliwaeleza homa, vikombe vitatu vya Fridolin, na siku nne alizonyamaza. Hakumtaja mwenyekiti. Alimtaja Mzee Kasiani na shamba lake.

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mkono juu ya gunia lake, akauliza:

"Kwa hiyo hii yangu ni daraja la ngapi?"

"Sijui, mama."

"Nani anajua?"

"Kwa leo, hakuna."

Ndipo kelele zikaanza. Mtu wa bondeni alisema Gaudensia ametumwa na wa milimani. Mtu wa milimani alisema anapaswa kufungwa. Otilia Mapunda alifika akihema, akasimama kando yake juu ya ile mizani, na Gaudensia akajiandaa kwa lolote.

"Aliniambia Jumanne," mwenyekiti aliwaambia watu. "Mimi nilimwomba anyamaze. Mkitaka kunitoa, kikao ni kesho."

*

Hawakumtoa mwenyekiti, kwa tofauti ya kura kumi na tisa. Mnunuzi alisimamisha malipo kama mkataba ulivyosema. Daktari wa kampuni alikuja amepanda droni ya posta, akaitoa punje kwa sindano moja, akaondoka nayo ndani ya kichupa. Nyumba ya kampuni Gaudensia aliihama kabla ya Agosti kwisha, akapanga chumba kwa Fridolin.

Ofisi za kampuni zilileta barua kwamba rejea mpya anaweza kupatikana baada ya mwaka mmoja. Wakati huohuo kahawa haikungoja. Fridolin alichukua wakulima kumi na wawili, nusu wa juu na nusu wa chini, akawafundisha kuvuta funda kwa kelele bila kuona haya. Kazi ilikuwa ya polepole mno. Waligombana juu ya kila gunia. Lakini magunia waliyokubaliana wote waliyapa majina ya mashamba yalikotoka, na mnada wa Septemba ulizilipa kahawa kumi na moja za milimani zaidi ya alivyotegemea mtu. Nyingi za bondeni zililipwa kidogo, nyingine zilirudi. Ya Mzee Kasiani ilikuwa gunia moja tu, kutoka ule mstari wa juu. Lilikuwa la kwanza kwa bei, na aliposomewa barua ya mnada alisema, "Vizuri," akaenda zake.

Bosko hakuwa amemsalimia dada yake kwa wiki nane. Alirudisha pampu. Walipokutana sokoni alipita upande wa pili wa vitunguu.

Siku moja mwishoni mwa Septemba alikuja kwenye meza ya Fridolin na gunia begani. Waonjaji walionja, wakabishana kidogo, wakasema daraja la nne. Bosko alilifunga gunia lake, kisha badala ya kuondoka akaenda alikokuwa Gaudensia, nyuma ya nyumba, akiosha bakuli.

"Dada."

"Bosko."

"Nimepewa la nne."

"Nimesikia."

"Ni la nne miaka yote, siyo?"

"Ndiyo."

Alichuchumaa, akachukua bakuli moja, akalisuuza bila kuombwa. "Mwaka huu nilipopewa la tatu nilimwambia mke wangu, unaona, nimejua kulima. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha wenzangu. Nikawafundisha upuuzi." Akachukua bakuli jingine. "Wale wa juu wanafanya nini ambacho mimi sifanyi?"

"Baridi yao huwezi kuipata. Lakini wewe unachuma mbichi pamoja na mbivu ili umalize haraka. Na unailaza ndani ya gunia usiku mzima kabla ya kuimenya. Ule ukali unatoka hapo."

"Kumbe unajua."

"Nimejua tangu kabla ya vionjeo."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Gaudensia alilitafuta jibu, na alilolipata halikumpendeza. "Nilikuwa na mashine ya kukwambia daraja. Nikaona inatosha."

Bosko alisuuza bakuli la mwisho, akaliinamisha juu ya jiwe. "Wiki hii nachuma miti iliyobaki. Njoo unionyeshe kahawa ipi niiache mtini."

"Ulimi wangu haujarudi, Bosko. Huenda usirudi."

"Sijasema uje kuonja."

Alinyanyua gunia lake begani, akatangulia njiani. Gaudensia alifuta mikono kwenye kanga, akamwambia Fridolin kwamba hatarudi leo, akamfuata.